Mkojo wa Mama Mkwe

Siku hizi kijana wa maabara anabonyeza swichi, mashine inanguruma yenyewe, naye anakwenda zake kunywa chai. Mimi namtazama, namdharau. Kudharau watu ni kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote, na niliianza enzi za Mwingereza, katika hospitali ya serikali pale Arusha mjini, kwenye chumba chenye dirisha moja, nikizungusha mikojo ya watu kwa mkono.

Nitasimulia habari ya mkojo wa mama mkwe wangu. Na niseme mapema, msomaji asijisumbue kukisia: haukuwa wake. Ulikuwa wa mke wangu, aliyekuwa na mimba ya kwanza, ya miezi sita. Kwa muda wa wiki tano mkojo ule uliniambia kwamba mwenye nao anakwenda kufa, nami nikaandika habari hiyo kwa wino, kwa mwandiko mzuri, kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo. Ilibanwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu, ina mpini wa kuzungushia pembeni, na juu ina mikono miwili ya chuma inayoning'iniza vikombe. Unatia mkojo kwenye mrija wa kioo, mrija unaingia kikombeni, na kikombe cha upande wa pili unakitilia mrija wa maji wenye uzito uleule. Ukikosea uzito meza nzima inatetemeka na mrija unapasuka. Kisha unazungusha, unazungusha, mkono unawaka moto, mpaka yaliyo mazito yashuke chini. Unamwaga ya juu, yanabaki mashapo, tone moja tu. Hilo ndilo unalitandaza kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na hapo unaona kama mtu anakojoa damu, au usaha, au mayai ya kichocho, au vile vijiti vidogo vinavyobanduka ndani ya figo lililoharibika. Damu nayo niliizungusha, lakini kazi kubwa ilikuwa mkojo. Wagonjwa waliita mashine ile cherehani. "Bwana, nimeambiwa nilete kwenye cherehani." Nami niliwacheka mbele ya uso wao.

Niliwacheka kwa mengi. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa migombani, baba yangu alilima kahawa kwenye mteremko wa Meru na alikuwa mzee wa kanisa, lakini nilipovishwa koti jeupe nilijiona nimeshuka na mvua. Watu walikuwa na mchezo wao. Mtu akitaka cheti cha kazi, anaogopa mkojo wake utamsema, basi analeta wa mwingine. Karani mmoja wa Ngarenaro aliongeza chai ya rangi. Kijana aliyetaka kazi ya misitu kule Olmotonyi alileta wa mdogo wake, mtoto mdogo kabisa, na chupa ilikuwa bado na ugoro wa babu yao. Mzee mmoja, sijui alifikiri nini, alileta wa ng'ombe. Nilitoka nje nikasimama mbele ya foleni, nikasema kwa sauti, "Mzee wangu, hongera! Utazaa ndama!" Foleni nzima ikaangua kicheko, na mzee yule akaondoka bila cheti, bila chupa yake, na bila kofia.

Hao nilikuwa nikiwaambia, "Mficha uchi hazai," kisha nikirudi nyumbani jioni namhadithia mke wangu yote, jina la ukoo na kijiji, huku nikiwaigiza wanavyotembea. Mwanzoni alicheka. Baadaye alikuwa akiniuliza tu, "Na ulisema mbele ya watu?" Nikasema, ndiyo, ili wapate adabu.

Nimdharau na daktari, maana anastahili fungu lake. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye viatu vya kung'aa, na Kiswahili alichojifunza kwa mpishi wake. Mgonjwa hakumgusa ila kwa ncha ya kalamu. Aliamini karatasi. Ukimwandikia kwenye karatasi kwamba ukuta una homa, atauandikia ukuta dawa. Na kwa sababu karatasi zilitoka kwangu, mimi na yeye tulipatana sana.

Sasa mama mkwe. Alikaa juu huko, upande wa Wameru, kwenye kahawa na migomba yake, mjane, mama mwenye sauti kubwa ya kuimba kanisani. Miguu yake ilianza kuvimba. Mke wangu akasema ashuke mjini, mkwewe si yuko hospitali? Akashuka kwa miguu na mkungu wa ndizi mgongoni, na miguu ikavimba maradufu. Daktari akaitazama akiwa hatua tatu kutoka kitandani, akasema, "Leta mkojo."

Hapo ndipo penye mkasa. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Njiani akija, mimi napisha, nageukia migomba mpaka apite. Siingii alimolala, sishiki nguo yake, siketi alipokalia. Chakula alichokionja silambi. Kanisa lilitufundisha mengi mapya, lakini hilo halikuliondoa, na mchungaji mwenyewe alikuwa akimkwepa mama mkwe wake sokoni. Basi mwanamke huyo aambiwe kwamba mkojo wake unakwenda kwa mkwewe, autie kwenye kioo, auzungushe kwenye cherehani, na tone la chini kabisa alikodolee jicho! Alimwambia binti yake, "Afadhali nife." Na alimaanisha hivyo.

Mke wangu akamaliza neno lile kwa njia ya mkato. Alichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaenda nyuma ya wodi, akajaza wake. Maji ni maji, aliwaza. Daktari ameshaiona miguu, karatasi ni desturi tu ya Wazungu, kila kitu kwao lazima kiwe na karatasi. Akaniletea chupa imefungwa kwa leso, akaiweka mezani na kusema, "Wa mama. Usiseme kitu." Nami nikageuza uso, nikaishika kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikuuliza swali hata moja. Mimi niliyekuwa nikiwanusa matapeli kabla hawajafika mlangoni!

Nilipochemsha kidogo juu ya taa ya spiriti na kutia tone la asidi, mkojo uliganda kwa chini, mweupe kama ute wa yai. Nikazungusha. Kwenye kioo nikakuta vijiti vya figo, vichache. Nikaandika. Daktari akasoma, akafurahi kama aliyepata barua ya kwao. "Mama hii iko gonjwa figo. Lala kitandani. Hapana chumvi kabisa."

Mama mkwe akalazwa. Kulala kulimfaa. Baada ya siku nne miguu ilinywea ikawa miguu ya kawaida ya mama aliyelima miaka arobaini. Aliimba. Aliwapangia wagonjwa wenzake ratiba ya sala. Kitu kimoja tu kilimtesa, chakula kisicho na chumvi, na kwa hilo alilia waziwazi. Daktari akaamuru mkojo upimwe kila wiki, na kila wiki mke wangu, aliyekuwa akileta chakula cha mama yake kila siku kwa miguu kutoka Ngarenaro tulikokaa, alipita nyuma ya wodi na chupa.

Wiki ya pili ukaganda zaidi. Wiki ya tatu zaidi tena. Daktari akakuna kichwa. Mgonjwa ananenepa, mkojo unazidi kuoza! Alimpima presha, akaikuta nzuri. Je, alijiuliza? Wapi! Alisema kipimo cha presha kimeharibika, akakiandikia barua. Kisha akashuku kwamba bibi anaiba chumvi, akaamuru wodi ipekuliwe. Muuguzi aliyekuwa akisimamia wodi ile, mama wa makamo, Mchaga, mkunga hodari, alikuta kipande cha magadi kimeshonewa kwenye pindo la shuka la mama mkwe. Daktari akakiinua juu kama mwindaji na pembe. Mimi niliposimuliwa nilicheka mpaka machozi. Magadi yakatupwa, bibi akalia siku mbili, na wiki ya nne mkojo ukaja mbaya kuliko zote.

Na mimi nilikuwa na raha. Niseme kweli. Daktari alianza kuniita kwake, akanionyesha vitabu. Alisema vioo vyangu ni safi, kwamba ugonjwa wa aina hiyo hajauona, na huenda akaandika habari zake Dar es Salaam. Nilivimba kichwa. Nilitembea barabarani nikiona kila ninayepishana naye ana bahati ya kupishana nami.

Nyumbani mke wangu naye alikuwa akivimba, lakini si kichwa. Viatu vilimkataa, akatembea peku. Pete ikazama kwenye kidole. Asubuhi uso wake ulikuwa mzito, macho madogo. Alisema kichwa kinamwuma kwa mbele. Mara moja alisema anaona vimulimuli mchana. Nami, mtaalamu wa koti jeupe, niliyekuwa kila wiki nikisoma ugonjwa huohuo kwa hadubini, nilimjibu, "Mimba ndivyo zilivyo. Mgonjwa ni mama yako, wewe unajidekeza." Kisha nikamwambia asichelewe kupeleka chakula, daktari hataki bibi ale usiku.

Siku ya mkojo wa tano nilirudi nyumbani mapema, nikaketi kula. Makande, na maziwa ya mgando. Nilikuwa na habari kubwa, na habari kubwa sikuweza kukaa nazo. Nikasema, huku natafuna, "Mke wangu, jikaze. Leo kioo kimejaa. Mwenye mkojo ule hamalizi mwezi." Nilisema kwa huruma kidogo na kwa majivuno mengi, maana mpaka hapo daktari alikuwa hajaisoma karatasi yangu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua. Mke wangu akainuka kwa shida, akashika ukuta, akaniongezea makande. Nilifikiri anamlilia mama yake.

Asubuhi yake daktari alisoma karatasi, akaenda wodini, akamwagiza yule muuguzi amwambie bibi ukweli, awaite ndugu zake. Kichaga cha muuguzi na Kimeru cha mama mkwe ni majirani, walielewana. Muuguzi alinihadithia baadaye. Alisema alimwambia kwa upole, akishika mkono wake, kwamba mkojo wake umeonyesha hatapona. Mama mkwe akauliza, "Mkojo huu wa kila wiki? Ule wa kwenye chupa?" Akaambiwa ndiyo. Akatupa blanketi.

Mimi nilikuwa nikipima uzito wa mirija. Mlango ukasukumwa, nikaona gauni la hospitali na miguu peku, nikajua ni nani, na mara moja, kama nilivyofunzwa, nikageukia ukutani.

"Geuka," alisema, kwa Kiswahili. Sikujua anakijua.

Sikugeuka.

"Mkwe, geuka unitazame!"

Nikageuka. Alikuwa ameshika kikombe cha bati cha wodi kwa mikono yote miwili. Akakiweka juu ya meza yangu, katikati ya karatasi zangu, mvuke ukitoka.

"Huu ndio wangu," alisema. "Ule mwingine wote ni wa mtoto wangu. Mimi sikutaka uone wangu, yeye akanisitiri. Haya, ona. Zungusha."

Msomaji, mtu mwenye akili angetoka mbio pale pale. Mimi nilizungusha. Ndiyo, nilizungusha! Sikuamini kwamba nimedanganywa. Nilitia mkojo wa mama mkwe kwenye mrija, nikasahau mrija wa maji upande wa pili, mashine ikapiga meza, kioo kikapasuka. Nikatia tena. Nikazungusha tena, yeye amesimama hapo hapo. Nikachemsha, ukabaki mwangavu. Nikatazama kioo, hakuna kitu. Mama yule alikuwa mzima kama chemchemi ya mlimani.

"Umeridhika?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipokimbia. Nilikimbia na koti langu jeupe mpaka Ngarenaro, na kabla sijafika nilisikia wanawake wanaita. Mke wangu alikuwa sakafuni karibu na mafiga. Jirani alikuwa amekishika kichwa chake, na jirani mwingine amemtia mwiko kati ya meno. Alikuwa akipiga miguu, macho meupe, povu lenye damu mdomoni. Kifafa cha mimba. Nililijua jina lake, niliujua hata mkojo wake. Tukampakia kwenye mkokoteni wa seremala, juu ya vumbi la mbao, tukasukuma. Njiani kilimshika tena.

Yule muuguzi, aliyeambiwa yote na mama mkwe, alikuwa ameshatandika. Walimlaza kwenye kitanda cha mama yake, wakaziba madirisha kwa mablanketi ili mwanga usimshtue, wakamchoma sindano za usingizi, na baadaye wakamtoa mtoto. Alikuwa wa kike. Hakulia. Muuguzi alimfunga kitambaa akampa mama mkwe wangu, si mimi, na sikumlaumu.

Daktari alinikuta ukumbini. Alikuwa na hasira, na hasira ya Mzungu yule ilikuwa ya ajabu, ilikuwa safi, kama ya mtu ambaye yeye mwenyewe hakosei. Aliwasema Wameru, akasema mila, akasema ujinga. Hakusema kwamba wiki tano alikuwa na bibi mzima kitandani, mwenye presha nzuri na miguu mikavu, akamnyima chumvi kwa ajili ya karatasi. Hakusema kwamba mwanamke mwenye mimba na uso uliovimba alimpita mlangoni kila mchana na sufuria kichwani. Ila swali moja aliniuliza, na kwa swali hilo tu namsamehe Kiswahili chake, ambamo mke ni bibi. "Wewe naona bibi yako kila siku. Kwa nini hapana ona?"

Siku mbili mke wangu hakujua watu. Siku ya tatu alifumbua macho. Mama yake alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, tumekaa tunatazamana kama watu wasio na mila. Alijipapasa tumbo, akaelewa, akageuza uso. Tukamwacha alie. Mama mkwe alimshika mguu, mimi sikujua nishike wapi.

Alipotulia, nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza taratibu, "Jioni ile nilikwambia mwenye mkojo ule hamalizi mwezi. Wewe ulijua ni wako."

"Nilijua."

"Kichwa kinakuuma, umevimba, na umejua ni wako. Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

Alinitazama kwa yale macho mazito. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Ningekwambia kwamba kwenye chupa ya mama mlikuwa na mkojo wangu," alisema, "ungefanya nini kwanza?"

Nilifungua mdomo niseme ningekubeba, ningekimbia nawe mgongoni mpaka hapa. Mama yake alikuwa ananitazama.

"Ungecheka kwanza," alisema mke wangu.

Ni kweli, ningecheka.